Mdogo Wangu Niliyemtolea Ushahidi

Ndoto ile haikuwa ya usiku. Ilikuwa saa tisa ya mchana, Jumamosi, jua limejaa uani, na mimi nimejilaza kwenye mkeka sebuleni baada ya kumaliza kupiga pasi joho la mchungaji. Ningeota usiku ningesema ni makande yamenikaa vibaya tumboni, ningegeukia ukutani na mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa sijala kitu. Tangu Jumatano chakula kilikuwa hakipiti, na nilijua kwa nini hakipiti, ila nilikuwa najifanya sijui.

Kazi hiyo ya joho ninayo mwaka wa kumi na moja sasa. Ijumaa nalifua na kulianika kivulini lisipauke, Jumamosi nalipiga pasi ya mkaa na kulitundika mlangoni. Hakuna aliyenilazimisha. Niliomba mwenyewe, na siku nilipokubaliwa nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima. Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani anayesimulia. Sikai nje ya kanisa nikirusha mawe. Mimi ni mzee wa kanisa, nakaa benchi la mbele, na watu wakitaka kujua zamu ya kufagia ni ya nani wanakuja kuniuliza mimi.

Aliingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa Namsifu, mdogo wangu, tuliyemzika miaka mitatu iliyopita. Alivaa sare ya kwaya ya zamani, ile ya bluu yenye kola nyeupe niliyomshonea mwenyewe alipokuwa msichana, na ilimkaa vizuri, ingawa uso ulikuwa ule wa mwisho, wa hospitali, mashavu yameingia ndani. Hakunisalimu. Kwetu mdogo hawezi kuingia nyumbani kwa dada yake bila salamu, na hilo ndilo lililonitisha, si kufa kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye joho, akashika pindo, akalipitisha vidoleni kama mteja anayekagua kazi ya fundi. Kisha akanigeukia.

"Dada, nani alikutuma unitolee ushahidi?"

Nilijua anazungumzia nini. Ili na wewe ujue, itabidi nimwache amesimama pale kidogo.

Kuna msichana hapa kwetu milimani anaitwa Nakiete, yuko kidato cha pili na yumo kwenye darasa la kipaimara. Miezi miwili iliyopita alimwambia mama yake kwamba mchungaji humwita ofisini peke yake, kwa kisingizio cha kumsikiliza mistari ya kukariri, na humo ndani amemfanyia mambo ambayo mtoto hapaswi kufanyiwa na mtu yeyote. Baada yake wakasema wasichana wengine wawili. Habari ilishuka mpaka kwenye masoko ya bondeni. Ungedhani Jumapili iliyofuata kanisa lilikuwa tupu. Lilijaa kuliko Pasaka. Watu ambao hatukuwa tumewaona tangu Krismasi walikuja na kukaa mpaka kwenye ngazi, na akina mama wakampelekea mchungaji mikungu ya ndizi nyumbani kwake kumtia moyo. Mimi nilipeleka mkungu na kuku. Tuliambiana kwamba shetani ameliandama kanisa letu, na mtu akisikia nyumba yake inaandamwa hakimbii, anaingia ndani na kufunga mlango. Hatukujiuliza tumejifungia na nani.

Jumatano wazee tulikutana. Mzee Sefania, katibu wetu, alisema familia ya Nakiete, tuliyokuwa tumeitenga kwa maneno hayo, imekubali yaishe. Jumapili mtoto atakuja mbele ya washirika, ataomba radhi kwa kumsingizia mtumishi wa Mungu, atarudishwa kundini, na habari ya kwenda polisi haitazungumzwa tena. Familia ilikubali kwa sababu bibi yake Nakiete yuko kitandani na siku zake zinahesabika, na huku kwetu nyumba iliyotengwa na kanisa haizikiwi mtu wake. Hakuna kengele, hakuna kwaya, hakuna atakayekuja na jembe. Mzee Sefania hakulisema hilo kwa kutisha. Alilisema kwa huruma, na huruma anayo kweli, maana ndiye aliyelala hospitalini na mume wangu wiki nzima wakati mimi mwenyewe niko hoi kwa homa.

Wazee wawili walisita. Mmoja alisema wasichana watatu ni wengi, hawawezi wote kuota ndoto moja. Ndipo mimi na busara zangu nikasimama. Nikasema mdogo wangu Namsifu aliwahi kupita kwenye hayo hayo, na wenye umri wangu wanajua, lakini hakuliacha kanisa. Aliimba kwaya mpaka alipougua, na siku zake za mwisho alimwita mchungaji huyu huyu ampe meza ya Bwana. Nikasema kama yeye aliweza kusamehe, iweje hawa wa leo. Ikaishia hapo. Waliosita wakainamisha vichwa, na mimi nikachaguliwa kumshika Nakiete mkono.

Na huo mkono niueleze. Kwetu mtu anaporudishwa kundini haendi mbele peke yake. Mzee mmoja humfuata kwenye benchi la nyuma kabisa, alikokaa siku zote za kutengwa kwake, akamshika mkono na kutembea naye mpaka madhabahuni, huko aulizwe kama anatubu, naye aitikie watu wote wasikie. Tunasema ni ishara ya upendo. Wasichana wengi nimewashika mimi, kwa kuwa mkono wangu hautetemeki. Wa kwanza alikuwa Namsifu.

"Nani alikutuma?" anauliza tena, na sebule haipo.

Tuko kanisani, siku ile yenyewe. Mvua inapiga bati, na tumbo langu lina mimba ya Eliuze, mwanangu wa kwanza, kwa hiyo natembea polepole. Namsifu ana miaka kumi na minane. Mkono wake uko ndani ya wangu na una baridi. Mbele amesimama mwinjilisti kijana, mpole, mwenye sauti ambayo akina mama wanaisifia, ameshika kitabu wazi. Yeye ndiye atakayemuuliza kama ametubu. Yeye ndiye aliyempa mimba kwenye mazoezi ya kwaya, Namsifu akiwa na miaka kumi na saba, na kumwambia kwamba akisema atamvunjia Mungu kazi yake. Leo ndiye mchungaji wetu.

Wakati ule mama alilitaja jina lake kwa wazee. Wazee wakamwambia jina hilo lisitoke tena mdomoni mwake, injili itachafuka. Mama akarudi nyumbani, akavua kilemba, akatuambia na sisi tusilitaje. Namsifu alilitaja mara moja tu baada ya hapo, kwangu mimi, tukiwa tunakwenda kuchota maji. Nilimwambia anyamaze ili wamrudishe haraka.

Tunatembea, na mbele hakufikiki. Kila tukipita benchi linaongezeka jingine, na kila benchi limejaa watu ninaowajua. Naangalia nyuso zao kwa sababu natafuta hata moja mbaya. Yupo mama aliyenifundisha kushona bila malipo. Wapo waliochimba kaburi la baba kwenye mwamba kwa siku mbili, mikono imetoka malengelenge. Wapo waliokuja na vyungu vya uji nilipojifungua, wakanifulia, wakanikanda kwa maji ya moto. Wote wanatuangalia kwa upole, wengine wana machozi, na mmoja ananyoosha mkono amguse Namsifu bega. Nilikasirika ndotoni, nilikasirika kweli kweli, kwa jinsi walivyo wema. Wangekuwa watu wabaya ningeondoka zamani, wala isingenichukua hata asubuhi moja. Wangenirahisishia maisha.

Ndipo nikamuuliza lile ambalo miaka ishirini na zaidi sikuthubutu kumuuliza akiwa hai, tukiwa tunalima pamoja, tunasuka pamoja, tunarudi ibadani pamoja.

"Namsifu, kwa nini hukuondoka?"

Ananivuta, na tunatokea kwa mama. Mama naye ni marehemu, lakini yuko jikoni anachambua maharage kwenye ungo, na hainui uso. Nasema shikamoo mama, anaendelea kuchambua. Nyuma ya jiko kuna tuta la tangawizi. Sitaki kulifikia lile tuta, ila miguu inakwenda.

Mtoto wa Namsifu aliishi siku tisa. Alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi. Alipokufa mama yake alikuwa bado ametengwa, kwa hiyo hakuwa amebatizwa, kwa hiyo hakuna aliyekuja. Baba alimfunga kwenye kanga, akachimba mwenyewe asubuhi na mapema kabla majirani hawajaamka, akafukia bila neno. Halafu akapanda tangawizi juu yake, ili pasionekane kuwa ni kaburi. Tulikula tangawizi ile. Mama aliiweka kwenye chai.

Namsifu amepiga magoti na kuutandaza udongo kwa kiganja.

"Huyu hakuimbiwa," anasema. "Nilitaka mimi niimbiwe."

"Na uliimbiwa," nikamwambia upesi. "Kwaya tatu zilikuja. Watu walijaa mpaka barabarani, mabenchi yaliazimwa shuleni." Nilikuwa namweleza mazishi yake mwenyewe kama mtu anayesimulia harusi aliyoiandaa, na moyoni nilikuwa nangoja anishukuru.

Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyejibu swali ambalo halikuulizwa. Akasema hiyo ilikuwa sababu moja tu, tena ndogo.

Na sasa ni Jumapili. Si Jumapili fulani, ni zote kwa pamoja, maana kwaya imevaa sare za kila rangi tulizowahi kushona. Mimi niko benchi la mbele. Kwaya yetu hukaa pembeni ya madhabahu na kuwaelekea washirika, jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote na sijawahi kulifikiria. Namsifu anaimba, na macho yake hayako kwenye kitabu. Yako kwangu. Yalikuwa kwangu Jumapili ile, na iliyofuata, na mvua ya vuli, na kiangazi, nikiwa na mtoto mgongoni, nikiwa na miwani, nikiwa na mvi. Nilikuwa nikimtabasamia. Nilidhani ananitabasamia mimi pia.

Sauti yake haipandi, ingawa kwaya yote inaimba.

"Nilikuwa nangoja usimame, dada. Ukisimama wewe, na wengine wangesimama. Ningeondoka, halafu usimame, mimi ningekuwa wapi?"

Nikafungua mdomo kumwambia kwamba sikujua. Lakini hata ndotoni kuna uongo unaokataa kutoka. Nilijua. Kila mara mtu yule alipopanda mimbari nilijua, na niliinama kutafuta ukurasa wa wimbo.

Nikashika lile moja nililobakiza, lile nililolitumia Jumatano. Nikamwambia, mbona ulimwita hospitalini, mbona ulipokea meza ya Bwana kutoka mkononi mwake. Nilikuwa kama ninayemsihi. Nilitaka aseme alisamehe, kwa ajili yangu aseme hivyo.

Tuko wodini. Kitanda cha chuma, shuka lenye doa la dawa, mchungaji amekaa kwenye kiti upande mmoja na mimi upande wa pili na chupa ya chai miguuni. Amefungua kile kisanduku chake kidogo cha mkate na divai. Namsifu hamwangalii yeye. Ananiangalia mimi, macho makubwa, midomo imekauka, na siku ile niliona nikadhani ni maumivu, nikamwita nesi.

"Nilimwita nikiwa nakufa ili umwone karibu, useme hata neno moja," anasema. "Ulimmiminia chai."

Kweli nilimmiminia. Nilimwongezea na sukari, nikamwomba radhi kwamba imepoa.

Kisha akasema neno jingine. Alilisema bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

"Nikafa, nikasema basi, sikungoji tena. Na Jumatano ukasimama, ila kwa ajili yake."

Wodi imeondoka. Natembea tena kati ya mabenchi, mkono umo ndani ya mkono wangu, na una joto. Naangalia chini. Ni mkono wa Nakiete, vidole vina wino wa kalamu ya shule na kucha zimetafunwa mpaka nyama. Mbele hakuna mvua safari hii, kuna jua, na mbele kunafikika. Mchungaji amesimama na joho langu, limenyooka, halina hata mkunjo mmoja, na ameshafungua kitabu. Namsifu hayuko kwenye kwaya. Namsikia nyuma yangu, kwenye benchi la mwisho, lile la waliotengwa, na najua bila kugeuka kwamba amekaa peke yake.

"Waambie sikusamehe," anasema. "Waambie nilikuwa nangoja."

Nikaamka.

Wapenda hadithi wangetaka pasi iwe imeliunguza joho. Haikuunguza kitu. Nilikuwa nimeiweka kwenye kigae chake, makaa yamezimwa, kwa sababu mimi ni mtu mwangalifu, na huo uangalifu ndio ulionifikisha hapa. Sitaki pia kudanganya kwamba niliamka nimekuwa mtu mwingine. Kitu cha kwanza nilichofanya nilipoinuka, kabla hata ya kufuta macho, nilinyoosha mkono nikaliweka joho sawa kwenye msumari. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikausimamisha pale hewani, nikauangalia, nikalia kwa sauti ambayo nilishukuru mume wangu alikuwa shambani asiisikie.

Nililia kwa uchungu, si kwa majuto matamu yale tunayolilia kanisani. Nilimlilia mdogo wangu niliyemgeuza shahidi wa mtu aliyemuumiza. Ninyi mnaotuuliza kwa nini watu kama sisi hatuondoki, jibu langu ni bovu lakini ndilo nililonalo. Sikubaki kwa imani. Imani ni ya Namsifu, yeye aliamini kwamba iko siku mtu atasimama. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na benchi langu. Na kesho nitakwenda kanisani tu, maana Jumapili saa nne sijui mtu huwa anakwenda wapi kwingine.

Nilikuwa bado sijanawa uso niliposikia hodi. Alikuwa Mama Nakiete, amejifunga kanga mbili, ametokea kumgeuza mama mkwe wake kitandani. Tulisalimiana kwa Bwana asifiwe kama kawaida, nikamkaribisha, akakataa kukaa. Alisema hakai, amekuja kuuliza jambo dogo tu. Mtoto ana gauni jeupe na ana la bluu. Hakujua mtu wa kuomba radhi anatakiwa avae lipi.

Nikamwambia akae, na safari hii akakaa. Nikamsimulia ndoto yote, kuanzia mlango wa jikoni. Nikamtajia jina ambalo mama alitukataza tusilitaje, na nikamwambia lililokuwa chini ya tangawizi. Nikamwambia nililolisema Jumatano ni uongo, tena uongo niliousema kwa mdomo wa marehemu, na kesho nitasimama mbele ya watu wote niufute. Nikamwambia Jumatatu tutateremka wote, mimi na yeye na mtoto, mpaka kituo cha polisi, nami nitaeleza yangu kabla ya mtoto kueleza yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alilia kidogo, akajifuta kwa pindo la kanga.

"Na bibi akifa, Mama Eliuze, nani atatuzikia?"

Nikasema tutamzika sisi. Akauliza sisi akina nani. Nikasema mimi na jembe langu, na atakayetaka kuja. Niliona haikumtosha, na sikumlaumu, maana hata mimi haikunitosha. Akaangalia joho pale mlangoni, akaniangalia mimi, akainuka. Amezoea kuona watu wakiahidi na kuinamia vitabu vyao vya nyimbo, na mimi nimekuwa wa kwanza kati yao kwa miaka mingi. Alipofika kizingitini alirudia kwa adabu, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua ili akatayarishe mapema.

"Kwa hiyo kesho avae lipi?"

"Avae nguo yake ya kushindia," nikamwambia. "Abaki na bibi yake. Kesho anayetoka benchi la nyuma ni mimi."